Ndoo za Msiba

Mwanangu nilimzika kwetu Musoma, nikarudi Newala kufundisha. Hapa hakuna aliyeuliza, nami sikusema.

Juzi nilikaa barazani nikisoma riwaya ya vijana aliyoiacha mwanangu kwenye begi lake, ya msichana aliyefiwa na dada yake. Nikalia kwa sauti kama mjinga.

Newala maji ni shida, kwa hiyo ukifiwa majirani hukuletea maji. Kilio changu kikawaleta wanawake wa jirani, kila mmoja na ndoo kichwani. Wakazitua.

“Pole, mwalimu. Amefariki nani?”

Nilitaka kumtaja mwanangu, nikakifunga kitabu.

“Hakuna,” nikasema. “Ni kitabu tu.”

Wakatazamana, wakatwishana ndoo zao, wakarudi nazo.