Mguu wa Lambert Juu ya Pedali

Ilikuwa mwaka wa 2001. Hapana, ninadanganya, ilikuwa 2002, kwa sababu redio zilikuwa zingali zinaongea moto wa mlima wa Goma, na siye kule Bunia tulishangaa kwamba kuna watu wanaokimbia kitu kisichokuwa bunduki.

Mimi ni mutu wa kutembea. Kazi yangu ni kunoa, na mwaka ule nilikataa panga, nilinoa visu vya jikoni tu. Vita ilinikuta njiani, nikapewa pa kulala kwenye shamba moja pembeni ya mji, njia ya kwenda Iga Barrière. Mwenye shamba alikuwa amekwisha kukimbia. Walibaki Lambert, dereva wa trakteri, bibi yake wa ndoa Véronique, na Théodore, ndugu ya Lambert. Huyu Véronique ndiye ninayetaka kumweleza, maana sijaona mutu mwingine aliyejua kusikiliza kama yeye.

Lambert alikuwa na mguu mubaya, wa kushoto. Mti ulimwangukia zamani, alipokuwa anapasua mbao Mambasa. Basi akiendesha aliupumzisha juu ya pedali ya ambreyaje, ile ya kukanyaga wakati wa kubadilisha gia, hata kama habadilishi kitu. Trakteri ile ya zamani haikupenda. Ilitoa mlio mwembamba, wa kuvuta, kama mutu anayeimba mdomo umefungwa. Véronique aliusikia kutoka mbali, siye wengine tukiwa hatujasikia kitu. Hapo anaweka maji ya bugali motoni, na yakianza kuchemka, Lambert anaingia uani. Hakukosea hata siku ya mvua.

Siku moja Lambert alikwenda kuchukua mihogo njia ya Iga, hakurudi. Théodore alimfuata, akakuta trakteri imesimama kwenye kona, injini inaunguruma, mihogo yote ingali nyuma. Damu hakuna. Kiatu hakuna. Hata majani ya kando hayakulazwa. Aliita mpaka sauti ikakauka, kisha akapanda, akairudisha nyumbani. Siye tuliokuwa uani tukaona Véronique anainua kichwa, anatabasamu, anaweka maji.

Aliyeshuka ni Théodore.

"Shemeji," Véronique akamuuliza, "weye pia unaweka mguu juu ya ambreyaje?"

"Hapana, mama. Mguu wangu ulikuwa chini. Iliimba yenyewe njia nzima."

Tangu hapo iliimba kila ikiwashwa. Na kwa ukoo wao, mutu aliyepotea haliliwi mpaka bibi yake aseme kwa mdomo wake kwamba amekufa. Hapo bibi ananyolewa kichwa, nguo za bwana zinagawanywa, na marehemu anaachwa apumzike. Véronique alikataa kusema.

"Mutu mwenye mguu wake iko juu ya pedali, mutamulilia namna gani?"

"Mama, tunamutesa," Théodore alimwambia. "Kama amekufa, iko anazunguka na hiyo mashini mpaka lini?"

Mwishoni Théodore akamwita fundi Kasereka, mutu wa upande wa Butembo ambaye vita ilimfungia mjini. Tangu Lambert apotee hatukuwasha trakteri ovyo, wenye silaha wangesikia na kuichukua. Tulingoja mashini ya jirani ya kusaga mahindi ianze makelele, ndipo tukawasha yetu. Kasereka aliomba mwiko wa Véronique. Akaweka ncha moja juu ya chuma, ncha nyingine sikioni, akafumba macho.

"Fundi, unasikiliza ao unaonja?" Théodore akamtania.

"Nyamaza, bwana. Iko inasema."

"Inasema nini?"

"Inasema njaa. Njaa ya grisi."

Tulicheka, na kucheka kwenyewe kulitushangaza. Véronique hakucheka. Kasereka akampa mwiko, akamwonyesha pa kuuweka, kisha akainua pedali kwa mkono. Mlio ukakatika. Akaachilia, ukarudi.

"Umesikia, mama? Resore, hii springi inayovuta pedali juu, imechoka. Mguu wa bwana yako uliichokesha. Sasa pedali inalala yenyewe, inasukuma rulema, ile beringi ya huko ndani, na rulema imekauka. Ni yeye anayelia. Hakuna mutu."

"Onyesha," akasema Véronique.

Kuifikia rulema ile ni kuipasua trakteri kati. Tuliweka magogo chini, tukafungua bolti, tukasukuma injini huku na magurudumu makubwa kule, hata mbuzi angepita katikati. Kasereka akachomoa ile pete ya chuma yenye gololi ndani, akamwekea Véronique mkononi. Nyingine, alisema, itabidi iagizwe Butembo.

Véronique akaisogeza sikioni, akaizungusha kwa kidole. Ikalia kidogo, mlio ule ule. Akaizungusha tena, polepole, kama mutu anayepapasa shavu la mwenzake.

"Ni hii," akasema. Akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake. "Basi. Amekufa. Muzee wa visu, noa wembe."

Nilinoa. Siku ya kilio wembe aliushika Honorine, shangazi wa marehemu, na Véronique alikaa juu ya mkeka, jua liko kichwani. Mashini ya jirani haikusaga siku ile, kwa heshima. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha nyolewa. Hapo mkono wa Honorine ukasimama.

Upande wa Iga kulikuwa na mlio. Mwembamba, wa kuvuta.

Véronique akainuka, nusu ya nywele ingali kichwani, akaingia jikoni, akaweka maji. Hakufikiri, alifanya tu, kama mutu anayefukuza nzi. Siye wote tukageuza macho kwenye trakteri. Ilikuwa pale pale, vipande viwili juu ya magogo, kuku mmoja amelala katikati.

Mlio ulikuja mpaka karibu na mlango wa ua. Ukakatika, kama mguu umeinuliwa.

Tulisikia maji yanaanza kuchemka. Honorine akafunga wembe ndani ya kitambaa, na hakuna aliyemwambia amalize. Kasereka alikuwa anapangusa mikono, na mikono haikuwa na grisi. Nikamtazama yeye, nikamtazama Théodore, nikatazama watu wote wa kilio, nikauliza:

"Ninyi pia mumesikia?"