Albamu Kumi za Kuchumia Majani

Watu wengine husikiliza muziki wakiwa wamelala chali kitandani. Mimi husikiliza nikiwa nimesimama katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, aproni ya nailoni kiunoni, baridi ya mlima ikiniuma kila mahali isipokuwa ndani ya masikio, ambamo nimetia hedifoni. Hapo ndipo ninapoamua albamu zangu kumi bora za mwaka. Anayeona kipimo hicho ni cha kishamba yuko sawa kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Manyatta. Jumatatu hadi Ijumaa ni chaki, Jumamosi na siku za likizo ni shamba la Mama, kule juu karibu na msitu. Ukichuma majani, vidole hulowa umande na utomvu mpaka vikawe vyeusi, na simu haivikubali vidole vya namna hiyo hata uibembeleze. Kwa hivyo ukishabonyeza wimbo wa kwanza, umefunga ndoa na albamu nzima. Huwezi kuruka wimbo mbaya, unauvumilia tu kama mahubiri marefu. Wahakiki wote wenye vidole vikavu mimi huwatilia shaka, kwa sababu najua wanaruka.

Urefu wa albamu naupima kwa kikapu. Albamu nzuri hujaza kikapu kimoja na kubakisha nyimbo mbili za kurudia. Ikiisha kabla kikapu hakijafika nusu, hiyo si albamu, ni salamu.

Mwenzangu katika wazimu huu ni mdogo wangu, aliyeolewa Kianjai, ambako ana duka la mitumba na mdomo unaotosha maduka matatu. Yeye pia huandika orodha yake. Kila Krismasi huja nyumbani Embu, tunasomeana, tunagombana, na Mama hutuambia tupunguze kelele kuku wanashtuka. Mama mwenyewe hana habari na albamu. Kwake kuna nyimbo za kanisani, halafu kuna kelele.

Mwaka ninaousimulia, namba kumi yangu ilikuwa ya Mmarekani mmoja aliyeachwa na mwanamume akamtungia nyimbo kumi na sita. Nilimhurumia hadi wimbo wa tisa, baada ya hapo nikaanza kumwelewa yule mwanamume. Namba nane alikuwa kijana wa Tanzania anayekufa kwa mapenzi katika kila wimbo na kufufuka katika unaofuata akiwa na sauti nzuri zaidi. Namba sita ilikwenda kwa kundi la Nairobi linaloimba Sheng ya kasi hivi kwamba mimi, ninayefundisha Kiswahili, niliambulia neno moja katika kila matatu, na hilo moja nikajifanya sikulisikia.

Namba moja ilinijia Jumamosi moja ya Agosti, ukungu ukiwa umeketi juu ya majani. Ilikuwa albamu ya kwanza ya binti mmoja wa hapa Kenya, nyimbo kumi na mbili, kikapu kimoja na robo. Wimbo wa pili ulinishika magoti. Nilijikuta nachuma huku nacheza, mkono wa kulia ukifuata ngoma na wa kushoto ukifuata gitaa, nikipita kati ya mistari kama mtu anayechelewa harusi yake. Mama alikuwa mstari wa pili, akichuma polepole, midomo ikisogea. Nilidhani anaomba.

Mchana tulikusanya majani yetu kwenye gunia moja, kama siku zote, tukayapeleka kituo cha kuuzia. Karani wa kituo ni bwana mpole kutoka upande wa Meru, na pale watu hutumia Kiswahili, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Sheria ni moja tu, majani mawili na kichipukizi, laini. Karani akatia mkono ndani ya gunia, akatoa jani gumu na pana kama sikio la mbuzi. Akatia tena, akatoa bua.

"Mama," akasema kwa aibu, "leo hii majani haiingii. Rudisha uchague."

Kituo kizima kiligeuka kutuangalia. Majani ya Mama hayajawahi kurudishwa tangu Baba apande ile michai, naye Baba alishazikwa zamani. Akina mama wengine, wakikataliwa majani, huambiwa wakajifunze kwa Mama yetu. Sasa gunia lake lilikuwa limemwagwa chini kama la mtu yeyote. Mama aliniangalia, akaziangalia nyaya shingoni mwangu, akaninyooshea kidole.

"Ni huyu," akasema. "Ni hiyo mziki yake. Anachuma kama anafukuzwa."

Kituo kikaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakaniita mwalimu wa disko. Sikuwa na la kujitetea, kwa sababu nilikuwa nimecheza kweli, na wimbo wa pili ni wa kasi kweli. Tulichagua majani pale chini hadi magoti yakafa ganzi, na Mama akanisemesha Kiswahili njia nzima ya kurudi. Nyumbani kwetu tunaongea Kiembu. Mama akianza kuniongelesha Kiswahili, najua kuna kesi.

Mdogo wangu alipata habari kabla sijavua buti. Akapiga simu, na kwanza akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka.

"Sasa dada, niambie ukweli. Ni wewe ama ni Mama?"

"Ni mimi."

"Kama ni wewe, wacha hiyo mziki. Lakini kama ni Mama, basi amezeeka. Hiyo shamba tukodishe watu, mimi Krismasi nakuja na pickup namleta huku Kianjai akae na wajukuu. Sitaki siku moja aanguke huko kwa majani akiwa peke yake."

Hakuwa na nia mbaya. Anampenda Mama kwa namna yake, ile ya kumbeba mtu bila kumuuliza. Nikamwambia tena ni mimi, na nikaapa kuacha muziki shambani.

Nikaacha. Septemba na Oktoba nilichuma masikio yakiwa wazi, na sijawahi kusikia ndege wengi hivyo maishani mwangu, wote wakiimba wimbo mmoja bila kiitikio. Majani yetu yakapita kituoni, karani akigusa ya juu tu, nami nikaamini kosa lilikuwa la muziki. Kwa hasira nikaiteremsha albamu ya yule binti hadi namba nne. Nilimwona kama ndiye aliyemwaibisha mama yangu mbele ya watu, na nikampandisha yule wa Tanzania asiyekufa.

Jumamosi moja ya Novemba Mama alishuka nyumbani kuchemsha chai, akaniachia vikapu vyote viwili niviunganishe kwenye gunia. Nikamwaga changu, safi, majani mawili na kichipukizi kila mahali. Nikamwaga chake. Juu ya gunia yakaanguka majani magumu, mabua, na shina zima la gugu lenye maua ya njano. Na siku hiyo hakukuwa na muziki ndani ya shamba lote.

Nilikaa pale chini nikiangalia yale maua. Hapo ndipo mambo ya mwaka mzima yalipoanza kunijia moja moja. Chumvi kwenye chai, mara mbili. Sindano aliyoniomba nimtungie uzi, akisema taa ni mbaya, na ilikuwa saa sita mchana. Kitabu cha nyimbo kanisani, anachokishika wazi ukurasa wowote huku akiimba kwa kichwa. Ile midomo iliyokuwa ikisogea siku ile ya Agosti haikuwa ikiomba. Alikuwa akihesabu majani kwa vidole, moja, mawili, kichipukizi, kwa sababu macho hayakumwambia tena.

Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Yule binti hakuwa na hatia! Nilimwonea bure! Palepale, nikiwa nimepiga magoti kwenye matope, nikamrudisha namba moja kichwani mwangu. Cha pili kilikuwa woga, na huo haukuondoka haraka.

Nilianza kuyachagua majani ya Mama mbiombio, nikitupa yale mabaya chini ya michai. Sikumsikia akirudi. Alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi, akinitazama, au akitazama upande niliokuwapo.

"Umeona," akasema kwa Kiembu.

"Nimeona."

Aliketi kando yangu, akamimina chai, nyingine ikaingia kikombeni na nyingine kwenye buti langu. Hakuna aliyecheka. Akaniambia macho yote mawili yana ukungu, tangu mvua za Aprili. Akaniambia siku ile kituoni alijua kabisa ni majani yake, lakini watu wote walikuwa wakimwangalia, nami nilikuwa pale na nyaya zangu, nikiwa nimecheza asubuhi nzima. "Wewe hawatakupeleka popote," akasema. "Mimi mdogo wako ataniweka kwa pickup, kama anavyonitishia kila akipiga simu. Nitakaa Kianjai kwa kiti, nikiletewa chai iliyochumwa na wengine."

Nilikasirika, na nikamhurumia, na nikakasirika tena. Miezi mitatu nilikuwa nimebeba jina la disko kwa ajili yake. Nikamwambia sitamdanganya mdogo wangu milele, na yeye hatanidanganya mimi tena hata siku moja. Tukapatana. Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali mjini Embu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, jambo linalotibika kwa upasuaji, akampa tarehe ya Januari. Mama akaniomba kitu kimoja tu, kwamba hadi Januari hiyo aendelee kuchuma majani yake, na mdogo wangu aambiwe akishapona, si kabla. "Nikiona tena, nitamwambia mimi mwenyewe," akasema, "nikimwangalia usoni."

"Na majani yakirudishwa kabla ya hapo?" nikauliza.

Mama alinywa chai yake yote kwanza. "Vaa zile waya zako," akasema.

Basi nikarudi kwenye muziki kwa amri ya mama yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliota nikiwa na miaka kumi na sita. Nilichuma huku nikisikiliza, kisha nikayapitia majani yake kabla hayajaingia guniani, na wiki zote tulipita kituoni salama.

Mdogo wangu alifika siku tatu kabla ya Krismasi, na kweli alikuja na pickup. Akasema anataka kutusindikiza kuuza majani. Kesho yake asubuhi alizunguka nyuma yangu shambani kama askari wa mtihani, nisipate nafasi ya kuchagua chochote. Kituoni moyo wangu ulikuwa ukipiga kuliko ngoma ya wimbo wa pili. Karani akatia mkono, akakagua, akatia tena. Akatoa jani gumu. Halafu jingine.

Mdogo wangu hakumwangalia karani. Alimwangalia Mama, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu, jinsi mtu anavyojumlisha hesabu. Nikaongeza sauti ya simu hadi muziki ukavuja nje ya hedifoni, nikasogea mbele.

"Hiyo ni mimi!" nikasema kwa sauti ya darasani. "Ni ule wimbo wa pili. Ukianza siwezi kujizuia." Nikaona haitoshi, nikacheza. Nilicheza pale mbele ya mizani, mwalimu mzima, buti zikirusha matope, kina mama wakishika mbavu.

"Nimemwambia na nimemwambia!" Mama akapaza sauti, kwa Kiswahili, akipiga makofi ya mtu aliyechoka. "Mkubwa hivi, na hasikii! Hiyo waya nitachoma!"

"Dada, aki wewe ni shida!" Mdogo wangu akanivuta hedifoni. "Unaaibisha Mama mbele ya watu! Hii mwaka ni mara ya pili!" Alinigombeza kwa dakika nyingi, na hasira zote alizokuja nazo zikaishia kwangu. Mimi na Mama tukainama kuchagua majani. Mama alipapasa ndani ya lundo akaupata mkono wangu, akaubana, akaendelea kulalamika kwa sauti juu ya vijana wa siku hizi. Nilitaka kulia, lakini ilibidi niendelee kuonekana mpumbavu.

Siku ya Krismasi, baada ya mukimo na kuku, tulisomeana orodha zetu. Mdogo wangu alimweka yule Mmarekani aliyeachwa namba mbili, nami nikamwambia anahitaji maombi. Nilipofika juu kabisa nikamtaja yule binti na albamu yake.

"Hiyo si ndiyo imeharibu majani?"

"Ndiyo hiyo."

"Mara mbili! Na bado unaipatia namba moja? Uliza mtu yeyote hapa kama hiyo ni haki. Muulize Mama!"

Mama alikuwa akimenya chungwa kwa vidole, macho yake yakiwa mlangoni kwenye mwanga. Hajawahi kusikia wimbo hata mmoja wa albamu hiyo, si wa pili, si wa kumi na mbili.

"Nimezisikia zote kumi," akasema kwa Kiembu, polepole, akinipa nusu ya chungwa. "Hiyo ndiyo namba moja."