Kikausha Nywele Kisicho na Moshi

Jumanne, katika duka moja la umeme hapa Garissa, nilimkuta mama mmoja akigeuzageuza kikausha nywele huku binti yake akitazama saa na kugongagonga kaunta. Binti ameanza kazi ofisini. Kila asubuhi hutoka na nywele mbichi chini ya hijabu, na kichwa humuuma mpaka adhuhuri.

"Hooyo, chukua hii," muuzaji alimwambia, akimwita mama kwa Kisomali. "Ina hewa moto na baridi, haiunguzi."

Mama alinusa mdomo wa mashine. "Haina uunsi, udi wetu wa kufukiza."

"Hooyo, wallahi, ni upepo tu!" binti alisema.

"Nywele zako nimezikausha juu ya chetezo tangu utoto. Sasa utanukia nini?"

"Nitanukia mtu aliyewahi kazini."

Mama hakucheka. Alichungulia matundu ya nyuma. "Nikiweka chetezo hapa, itavuta moshi?"

"Itaungua, hooyo," muuzaji alisema.

"Basi siku za kazi ni za mashine. Jumamosi nywele ni zangu."

Binti aliacha kugonga kaunta. "Jumamosi sina haraka, hooyo."

Mimi pia nilikuwa nimefuata mashine kama hiyo. Niliinunua, kisha nikapitia sokoni kutafuta uunsi.