Maji ya Bluu na Maharagi ya Mama

Mwaka ule kampuni ya migodi iliacha kulipa mishahara, chuo kikuu nacho kikafunga milango. Nikarudi nyumbani Ruashi na nusu ya digrii ya kemia na njaa kamili. Baba alikuwa ameshatangulia kukaa bure. Maisha yake yote alikuwa fundi wa elektrolisi wa kampuni hiyo, pale umeme unapopita majini na shaba ikajishika kwenye bamba la cathode, lile la upande hasi. Aliyetulisha sasa ni mama, kwa maharagi na lenga-lenga, mchicha wa nyuma ya nyumba.

Shida ilikuwa mfereji tuliochota maji ya kumwagilia. Juu yetu kulikuwa na shamba kubwa la mahindi, na vibarua wake waliosha humo mapampu ya dawa ya kuua magugu. Mahindi yao yalistawi kwa kiburi. Maharagi yetu yalipauka, yakalala, yakafa. Bomba lilikuwa kavu, kiangazi kilikuwa kirefu, na mama alibakiwa na mkebe mmoja wa mbegu. Mkebe huo ukiharibika, hatuna cha kupanda tena.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilisema nitasafisha maji kwa umeme. Jirani yetu, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini ambaye lori lake lilikosa mafuta ya kwenda mpakani Kasumbalesa, akatuazima betri ya lori hilo. Nikatoa vijiti vya kaboni kutoka mawe ya redio, betri ndogo zilizokufa, nikavitumbukiza kwenye ndoo, nikatia chumvi kidogo. Umeme uliivunjavunja ile dawa humo humo majini, kisha tukaacha ndoo juani hadi harufu ya javeli, dawa ya kung'arisha nguo, iishe.

Baba alijitwalia usimamizi bila kuombwa. Nilifurahi kumwona anavaa viatu tena. Lakini kila asubuhi alikuwa akiinua kijiti cha upande hasi, anakipangusa kwa kidole, anakirudisha kwa huzuni.

“Courant inapita, lakini ku cathode hakuna kitu,” aliniambia. “Hii kazi iko ya bure.”

Nilimweleza kwamba sumu hii haijishiki popote, inavunjika tu na kuisha. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mahubiri chakula kikiwa tayari. Kesho yake nikakuta ametoa kaboni na kutia mabamba mawili ya shaba, na maji yamekuwa bluu kama jiwe la shaba la machimbo. Alituita wote tuje tuone. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mjini kwetu rangi ile ya shaba ilimaanisha mshahara, shule, unga wa mwezi. Nani angeiita sumu? Hata mama, binti wa mtu wa reli na si wa shaba, alishainamia ndoo aimwage kitaluni.

Nikaing'ang'ania ndoo, nikasema shaba iliyoyeyuka majini inaua mimea. Tukagombana sana, hadi mama akaamua: mbegu chache kwenye kopo moja, zinyweshwe maji ya kaboni, chache kwenye jingine, maji ya bluu. Zilizobaki zikae mkebeni.

Za bluu zilichungulia, zikanyauka. Za kaboni ziliota kijani, zikatoa majani mapana yasiyo na aibu. Baba alizunguka yale makopo mawili kutwa nzima, kisha akarudisha vijiti vya kaboni mwenyewe.

Ndoo haikutosha shamba zima, na jirani alipopata mafuta alichukua betri yake. Lakini tulivuna mistari michache kabla mvua haijaanza. Mama alitenga karibu maharagi yote kwa mbegu. Konzi moja tu aliipika, akamtengea baba juu ya ugali wa bukari, sisi tukitazama na kumeza mate.

Baba alitafuna polepole mno. Nilijua anatafuta nini: ladha ya ile dawa.

“Hamuna kitu mule,” akasema mwishowe. “Ni maharagi tu.”

“Njo vile nilikuwa nataka,” mama akamjibu, akamwongezea kijiko cha mwisho.