Karani Alipongojea Titi

Juzi nilikuwa Kasikeu kwenye foleni ya vitambulisho vya taifa, kwa kuwa kwa sheria mpya ya 1978 wanawake nao wanapewa, si wanaume tu. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akinyonyesha mtoto mchanga. Karani akafungua wino wa alama za vidole.

"Mama, mpe mtu mtoto. Nataka mikono yote miwili."

"Anza na huu wa kulia, mwanangu. Wa kushoto umembeba."

Karani akabonyeza vidole vitano, kimoja kimoja. "Sasa wa kushoto."

"Ngoja amalize titi hili, nimgeuze."

Karani akaweka wino chini, akangoja. Sisi serikali imetungojesha tangu tuzaliwe. Siku hiyo niliiona ikimngojea mtu, tena mtu asiye na kitambulisho.