Ngwe ya Mpunga

Kazi niliyoipata Marekani ilikuwa kudeki nyumba ya mtu aliyekufa zamani. Nyumba kubwa ya matofali, upande wa Laurel, jimbo la Maryland, shamba lake la tumbaku limeshageuka nyasi za kukatwa kwa mashine. Mwenyewe alikuwa na watumwa, na sasa watu wanatoa kiingilio kuja kutazama kitanda chake. Kitanda kifupi, mtu mzima unajiuliza miguu aliiweka wapi. Nilikifuta vumbi miaka mitatu, na kila nikikifuta nilimtukana, tena kwa Kibondei, asipate hata wa kumtafsiria huko aliko.

Nina hasira, nasema mapema. Anayetaka bibi wa kumsimulia habari za sungura atafute mwingine.

Darasa nililofika ni la nne, na hilo la nne sikulimaliza, maana baba aliona ada inaniharibia akili. Lakini habari za utumwa wa nchi hii nazijua, kwa sababu nimezisikia nikiwa nimeinamia dekio. Alikuwepo binti mmoja wa Kizungu, msomi, mpole, kazi yake kutembeza wageni na kuwaeleza. Kila siku maneno yale yale, mpaka nikayashika kama sala.

Alisema hivi. Kule kaskazini kwenye baridi, mtumwa aliishi mmoja au wawili katika nyumba ya bwana. Alilala darini au jikoni, akapika, akapasua kuni, akafanya kazi bandarini, na angeweza kumaliza mwezi asimwone mtu wa rangi yake. Hapa kwetu Maryland na Virginia ilikuwa tumbaku: watu wanapangwa kwa kundi, msimamizi nyuma yao, kuanzia jua kutoka mpaka jua kuzama, wanachuma viwavi kwenye majani kimoja kimoja. Kusini zaidi, Karolina, ilikuwa mpunga. Watumwa wengi kuliko Wazungu, wamejaa majarubani, wana lugha yao na vikapu vyao. Na huko, alisema yule binti huku akitabasamu, kila mtu alikatiwa kipande chake cha siku, na akikimaliza muda uliobaki ni wake.

Mara ya kwanza kusikia hilo nilisimamisha dekio. Nikajisemea, ala, hiyo si ngwe? Sisi tuliokulia Muheza ngwe tunaijua. Unapimiwa kipande chako cha kulima, unainama, ukikimaliza unabeba jembe lako unakwenda. Nikafurahi, mjinga mimi, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Sasa nimlete dada yangu. Si wa tumbo moja, ni Mmarekani mweusi, mama wa umri wangu, alikuwa mlangoni akikata tiketi. Kwao ni huko huko kwenye mpunga, Karolina, vizazi na vizazi. Yeye ndiye aliyekuwa akinirudisha nyumbani Langley Park kwa gari lake kila jioni, maana basi la kule lilikuwa kama posa ya mlevi, huwezi kulitegemea. Mchana tulikula pamoja nyuma ya stoo. Yeye alileta wali, mimi nilileta wali, tukachekana. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini alinisubiri nitafute neno. Katika nchi nzima, nje ya mwanangu, ndiye pekee aliyenisubiri. Mke wa mwanangu hasubiri. Hayo tuyaache.

Yule binti alikuwa na mchezo wake wa Jumapili. Akishaeleza, alisimamisha vibao vitatu ukumbini: kimoja kina picha ya nyumba yenye theluji, kimoja jani la tumbaku, kimoja suke la mpunga. Kisha huwaambia wageni, "Kama ungelazimika kuchagua, ungechagua kuwa wapi? Nenda kasimame kwenye kibao chako." Watu wazima wanakwenda kusimama! Wanacheka, wanavutana mikono. Nimewaona kwa macho yangu. Na mimi miaka yote ile nilikaa kimya, nikasubiri waondoke nidekie nyayo zao.

Jumapili moja wakaja watu wetu. Tulikuwa na chama cha Waswahili cha kusaidiana misiba na harusi, Watanzania na Wakenya, Wakongo wawili watatu, na mimi ndiye niliyewaalika, najivunia kazi yangu. Nikavua aproni, nikawa mkalimani. Binti akaeleza, nikageuza. Akafika kwenye vibao.

"Haya, mnaambiwa mchague pa kuwa mtumwa," nikasema.

Wakavitazama vibao. Halafu nesi mmoja Mkenya, mcheshi kupita kiasi, akasema, "Shosho, huko kwa baridi mimi siendi, bili ya stima imenitosha!"

Wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa Tanga akauliza, "Mama, penye mpunga unasema kulikuwa na ngwe?"

"Ngwe kabisa. Ukimaliza unakwenda zako."

"Basi mwisho wa maneno! Mimi napiga ngwe yangu, saa sita niko kivulini. Tena kuna wali!"

"Wali na nazi, au mkavu?"

"Mtumwa na nazi wapi, bwana we!"

Wote, watu kumi na saba, wakaenda kusimama kwenye kibao cha mpunga, wanasukumana kama wanaopigwa picha ya harusi. Na mimi nikaenda. Nasema kweli yangu: nilikwenda, nikasimama katikati, nikacheka mpaka nikafuta machozi.

Nilipoinua uso nikamwona dada amesimama mlangoni, na tiketi mkononi.

"Wanacheka nini?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Sikujua kama ni jambo la kudanganyia. Nikamwambia vile vile: wanasema kwenu kulikuwa na nafuu, mtu alimaliza kazi yake akaenda kupumzika, na wali juu.

Akarudi kwenye kiti chake. Jioni nilitoka nikakuta nafasi ya gari lake tupu. Kesho yake alikula ndani ya gari, amefunga vioo. Wiki mbili nzima, salamu hamna, gari hamna. Nilipanda mabasi mawili na magoti yangu haya, nikasimama kituoni na hasira, na mwanzoni hasira hiyo ilikuwa juu yake. Nikasema, hawa Wamarekani weusi ndivyo walivyo, wepesi wa kununa. Ndivyo tulivyokuwa tukiwasema kwenye vikao vyetu, kwamba ni wavivu, kwamba wamekazania mambo ya zamani. Na mimi nilikuwa nikiitikia huku nikitafuna sambusa.

Ikawa siku moja, kituoni hapo, namkumbuka bibi yangu mzaa mama. Sijui kwa nini siku ile. Pengine mgongo uliniuma.

Bibi yangu alinunuliwa. Hilo halikusemwa nje ya nyumba. Mama alituonya tukiulizwa ukoo tuseme sisi ni watu wa Bonde basi, na nilipoolewa wakwe waliuliza, tukawadanganya, na mume wangu amekufa hajui. Aliletwa msichana mdogo kutoka bara, sijui bara gani, akauzwa Pangani kwenye mashamba ya miwa. Na huko alilima ngwe. Mimi hiyo ngwe niliijua kwake kabla sijaijua kwa mtu mwingine! Alitusimulia: msimamizi alipima kwa ufito, na ufito haukujua mimba wala homa. Akimaliza, anakwenda kwenye kikonde chake kulima mihogo, kwa sababu bwana hakumlisha. Huo ndio muda wake mwenyewe. Wa kujitafutia chakula, ili kesho awe na nguvu za ngwe nyingine. Kivulini alikaa lini? Nilimjua mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli.

Na mimi, mjukuu wake, nimesimama chini ya kibao nacheka.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye gari la dada, nikagonga kioo. Akateremsha kidogo, upana wa vidole viwili. Nikamwambia yote kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: bibi, ufito, mihogo. Nikamwambia neno ambalo mume wangu hakulisikia. Alinisubiri nilipokwama.

Nilipomaliza akasema, "Unajua yale maji ya mpunga yalikuwa na nini? Nyoka na homa. Kiangazi mabwana wenyewe walikimbilia mjini, wakatuachia mbu. Bibi wa bibi yangu alimaliza kipande chake, akaingia kwenye cha binti yake kumsaidia, maana binti alikuwa amejifungua juzi. Huko ndiko kupumzika kwake."

"Nisamehe, dada."

"Mimi usinibembeleze. Vile vibao vyote tunavipita kila siku, mimi na wewe. Mimi nimevipita miaka sita." Akapandisha kioo.

Hilo lilinichoma kuliko yote, kwamba miaka sita amekaa mlangoni akisikia watu wakichagua.

Nikamwendea yule binti msomi. Nikamwambia mchezo ule ni mbaya, hakuna aliyechagua. Akanisikiliza kwa upole, akasema unawasaidia wageni kufikiri, na asante sana kwa maoni yangu. Upole wa namna ile ni mlango wenye komeo kwa ndani.

Basi. Nikachukua ndoo, nikachukua sabuni, nikavichukua vile vibao vitatu, nikavisugua. Vilikuwa vya ubao mwembamba wa kugundishwa. Nikavisugua mbele na nyuma kwa maji ya moto, mpaka suke la mpunga likabanduka, na theluji ikatoka na nyumba yake. Nilivyovisugua, Mungu anisamehe, nililia kwa hasira na mikono haikusimama. Kisha nikavifungia stoo nyuma ya ndoo, ufunguo kifuani.

Jumapili wageni wakaja. Binti akazunguka ukumbi mzima. "Mama, umeona vibao vyangu?"

"Nimeviosha. Vilikuwa na uchafu."

"Viko wapi?"

"Havijakauka."

Akanitazama. Nikamtazama. Wageni walikuwa wanasubiri, ikabidi aendelee bila mchezo. Jumapili ya pili akauliza tena, nikamwambia hewa ya huku ina unyevu. Ya tatu hakuuliza.

Jioni ya ile Jumapili ya kwanza nilitoka na mfuko wangu kuelekea kituoni. Gari la dada lilikuwa pale pale pa zamani, linanguruma, na mlango wa upande wangu uko wazi.

"Havijakauka?" akauliza, macho mbele.

"Bado."

"Funga mkanda."