Marashi Badala ya Vanila

Keki inayookwa kwa mkaa huanza kunukia pembeni kabla ya katikati, na pua iliyozoea hujua upande uliozidiwa moto bila kufunua mfuniko. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, pua yangu ilikuwa imezoea hivyo. Tuliishi Kariakoo, vyumba vitatu nyuma ya duka la vitenge la mama, na uani ndipo nilipoweka sufuria yangu: mchanga chini, bati la keki juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa natazama video kwenye simu ya mama akishafunga duka, nanakili kila kipimo kwenye daftari la hisabati, kisha kesho yake nagundua kwamba nusu ya vitu nilivyoandika havipo nyumbani.

Mwaka ule babu alikuwa amefariki na bibi alikuwa anakaa eda kwenye chumba cha mwisho. Hakuwa akila. Sahani ilipelekwa, ikawekwa juu ya stuli, mlango ukarudishwa, na baada ya saa moja ilitoka karibu kama ilivyoingia. Nilimsikia mama akimwambia shangazi kwenye simu kwamba bibi akiendelea hivi hatamaliza eda. Bibi alipenda keki kuliko chakula chochote, kwa hiyo nikajiambia kwamba nikimpikia keki isiyo na kasoro atakula, na akila hatakufa.

Ya kwanza siagi haikutosha. Nikajazia mafuta ya alizeti, ikatoka inang'aa kama chapati. Ya pili ilitaka maziwa ya mgando. Nikakamulia ndimu kwenye maziwa ya kawaida yakatike, mkono ukazidi, ikawa chachu. Zote mbili bibi alimega kidogo, akanishukuru, akarudisha sahani. Mama alionja akasema ni nzuri tu, keki ni keki. Sentensi hiyo iliniudhi kuliko kama angeitema. Nilijifungia bafuni nikalia, na mpaka leo naona aibu kueleza kwamba nililia kwa sababu ya ndimu.

Ya tatu nilijipanga. Siagi ilikuwepo, mayai manne kamili, maziwa ya mgando ya kweli. Kilichokosekana ni vanila.

"Imeisha, mdogo wangu," alisema Mangi wa duka la kona. "Usiweke kitu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haya, mpishi wa Ikulu. Basi nenda kaulize Ikulu."

Nilirudi nimenuna. Halafu nikakumbuka kwamba halua huwekwa marashi ya waridi, na kwamba chupa iliyofika nusu ilikuwa kwenye kabati la sebuleni. Nilitia vifuniko viwili. Keki ikaumuka, bapa juu, bila ufa hata mmoja, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Niliikata vipande sawa kwa kutumia rula.

Bibi alipokea sahani, akaileta karibu na uso, akasimamisha mkono.

"Marashi haya umeyatoa wapi?"

"Kabatini, bibi."

Aliiweka sahani juu ya stuli polepole. Akaniambia kwamba chupa ile ndiyo waliyomnyunyizia babu kwenye sanda. Na kwamba yeye, akiwa edani, haruhusiwi kujipaka hata tone, sasa mimi namletea ya kula. Hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya.

"Lakini imeumuka vizuri," nilisema.

Ndivyo nilivyosema. Babu yangu alikuwa ndani ya sahani ile na mimi nilikuwa natetea kimo cha keki.

Bibi aliitazama tena ile keki. "Imeumuka, naona. Mna kazi nyinyi. Mnaleta, mnafunga mlango. Miaka arobaini nimekula sinia moja na mtu, leo nitafune peke yangu kama mbuzi aliyefungwa? Kalete ule wali wa mchana. Na kijiko usilete, njoo na mkono wako."

Tulikula wali uliopoa, mchuzi ukiwa umeganda pembeni. Alikula mpaka tukakwangua sahani. Na mimi, badala ya kufurahi, nilikuwa na hasira: keki tatu, mayai yote yale, na hakuna aliyeniambia.

Sasa naishi Magomeni na napika keki za oda. Nina oveni, mizani, na vanila ya aina nne. Wateja huniuliza waweke nini wakikosa siagi, wakikosa mayai, na majibu ninayo yote. Bibi bado yupo Kariakoo, na kila Ijumaa namtumia keki kwa bodaboda. Wiki iliyopita alipiga simu kusema imefika.

"Umeionja?"

"Nakungoja wewe. Chai iko motoni."

Nilimwambia nina moja ndani ya oveni, dakika ishirini tu, nakuja. Akasema hana haraka. Dakika ishirini zilipoisha niliitoa, nikaona ufa mdogo upande wa kushoto, nikachukua mayai mengine na kuanza upya.